Kukanushika: Jinsi Sayansi Inavyoyapima Maneno Yake

Mwezi wa Novemba 2018, mjini Beni, wagonjwa wa kwanza wa Ebola walianza kupewa dawa katika jaribio lililobeba jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Kwa kifupi liliitwa PALM. Swali lake lilikuwa moja: kati ya dawa zilizopo, ni ipi inayookoa watu wengi zaidi? Miezi tisa baadaye dawa mbili ziliondolewa. Moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote kabla jaribio halijaanza.

Wasomaji wetu wengi wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina wanazikumbuka siku hizo, na wengine walizika ndugu zao. Lakini ni wachache walioelezwa kwa nini wataalamu walikubali kuipeleka dawa waliyoitumainia mahali ambapo ingeweza kushindwa mbele ya watu wote. Sababu hiyo ina jina katika falsafa ya sayansi: kukanushika. Makala hii inaeleza maana ya neno hilo, lilikotoka, linavyofanya kazi, mipaka yake, na faida yake kwa muumini anayesikia kila siku habari za dawa, magonjwa na uponyaji.

Maana ya neno

Dai linakanushika ikiwa kuna jambo ambalo, likionekana, litaonyesha kwamba dai hilo si kweli. Hatusemi kwamba dai limekwisha kukanushwa. Tunasema lina mlango ambao ukweli unaweza kuuingilia na kuliangusha.

Tuchukue maneno matatu juu ya mvua. La kwanza: "Kesho mvua itanyesha Goma kabla ya saa sita mchana." La pili: "Kesho mvua itanyesha au haitanyesha." La tatu: "Mvua itanyesha wakati wake ukifika." La kwanza linaweza kuwa uongo: saa sita ikifika na ardhi bado ni kavu, limeanguka. La pili haliwezi kuanguka hata siku moja, lakini mama anayetaka kuanika maharagwe yake hapati msaada wowote ndani yake. La tatu lina sauti ya hekima, ila ni ndugu wa lile la pili: mvua isipokuja, msemaji atajibu kwamba wakati wake haujafika.

Kwa hiyo neno lisiloweza kukosea halijatuambia kitu juu ya ulimwengu. Kadiri dai linavyokataza mambo mengi yasitokee, ndivyo linavyotufundisha mengi, na ndivyo linavyojiweka katika hatari ya kuanguka. Watu wengi hudhani kwamba dai lenye nguvu ni lile ambalo hakuna awezaye kulipinga. Katika sayansi mambo ni kinyume.

Mtu aliyelileta wazo hili

Mwanafalsafa Karl Popper alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 28 Julai 1902. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Kiyahudi, nao waliingia Kanisa la Kiluteri kabla hajazaliwa. Katika ujana wake alijifunza useremala, akafanya kazi na watoto wenye shida, kisha akawa mwalimu wa hesabu na fizika katika shule. Mwaka 1934 alitoa kwa Kijerumani kitabu kiitwacho Logik der Forschung, yaani mantiki ya utafiti. Mwaka 1937, Wanazi walipokuwa wakizidi kupata nguvu, aliondoka Austria akaenda kufundisha New Zealand. Mwaka 1946 alihamia London, akafundisha huko kwa miaka mingi. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1959 tu, na ndipo kilipojulikana sana. Alifariki mwaka 1994.

Swali lililomsumbua Popper tangu ujana lilikuwa hili: tunatofautishaje sayansi na kile kinachovaa nguo za sayansi? Yeye mwenyewe alieleza kwamba jibu lilianza kumjia mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 17.

Vienna, 1919

Mwaka huo Popper alikuwa akisaidia kazi ya daktari Alfred Adler miongoni mwa watoto wa familia maskini. Adler alifundisha kwamba matendo ya watu yanatokana na hisia ya kujiona duni. Siku moja Popper alimpelekea habari za mtoto ambaye, kwa maoni yake, hakulingana na mafundisho hayo. Adler alimweleza mtoto yule mara moja kwa nadharia yake, ingawa hakuwa amemwona. Popper alipomuuliza anapata wapi uhakika huo, alijibu kwamba ana uzoefu wa kesi elfu moja. Kijana akamjibu kwamba bila shaka sasa amepata ya elfu moja na moja.

Jibu lile lilikuwa na maana nzito. Ikiwa kila kesi inaelezwa kwa nadharia ileile kabla ya kuchunguzwa, basi kesi elfu moja hazijaipima nadharia hata mara moja. Baadaye Popper alitoa mfano wa watu wawili: mmoja anamsukuma mtoto majini ili azame, mwingine anatoa uhai wake akimwokoa mtoto. Kwa nadharia ya Adler, wa kwanza anajiona duni na anataka kujionyesha kwamba anaweza kutenda uovu. Wa pili naye anajiona duni na anataka kujionyesha kwamba ana ujasiri. Nadharia ya Sigmund Freud nayo iliweza kuwaeleza wote wawili bila shida. Wafuasi waliona jambo hilo kuwa nguvu ya mafundisho yao. Popper aliliona kuwa udhaifu: nadharia inayokubali tendo na kinyume chake haijakataza chochote.

Mwaka huohuo aliona mfano wa namna nyingine. Albert Einstein, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alikuwa ametoa mwaka 1915 nadharia mpya ya nguvu ya uvutano. Kutokana nayo alihesabu kwamba mwanga wa nyota unaopita karibu kabisa na jua utapinda kwa pembe ndogo sana: sekunde 1,75, ambapo digrii moja ina sekunde 3600. Kwa hesabu za zamani za Newton, pembe ingekuwa kama nusu ya hiyo. Nyota zilizo karibu na jua haziwezi kuonekana mchana, isipokuwa jua limepatwa.

Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka bahari ya Atlantiki na kupita juu ya Afrika ya kati, Kongo ikiwamo. Waingereza walituma makundi mawili: moja Sobral, nchini Brazil, na jingine kwenye kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika. Kundi la Príncipe liliongozwa na Arthur Eddington, Mkristo wa jamii ya Wakwekeri. Vita kuu kati ya nchi yake na Ujerumani vilikuwa vimekoma miezi michache tu kabla, naye alisafiri kwenda kupima hesabu za mtu wa Berlin. Tarehe 6 Novemba 1919, mjini London, matokeo yalitangazwa: mwanga ulikuwa umepinda karibu na kiasi alichokisema Einstein.

Popper hakuvutiwa na ushindi wenyewe. Kilichomgusa ni kwamba Einstein angeweza kushindwa. Alitaja kipimo kabla ya picha kupigwa, na picha zingeweza kumkataa. Einstein mwenyewe aliandika pia kwamba badiliko fulani katika rangi ya mwanga wa nyota lisipoonekana, nadharia yake haitasimama. Adler hakuwahi kutaja mtoto ambaye angemfanya akubali kwamba amekosea.

Mantiki yake

Kwa nini kukanusha kuna uzito kuliko kuthibitisha? Tuseme mtu anadai: "Chemchemi zote za kilima hiki hazikauki wakati wa kiangazi." Ametembelea chemchemi 20, zote zina maji. Je, dai limethibitika? Bado, kwa maana ya 21 inaweza kuwa kavu. Lakini akikuta moja tu iliyokauka, neno "zote" limekwisha. Mifano mingi mizuri haiwezi kufunga mjadala, bali mfano mmoja mbaya unaweza.

Jambo hili lilikuwa limekwisha kuonwa katika karne ya 18 na David Hume, mwanafalsafa wa Scotland. Alionyesha kwamba kuona jambo likitokea mara nyingi hakutupi haki ya kimantiki ya kusema kwamba litatokea daima. Popper alikubali, kisha akasema sayansi haihitaji haki hiyo. Sayansi inaanza na tatizo, inakisia jibu, kisha inalitafutia jibu hilo jaribio kali linaloweza kuliangusha. Likianguka, tumejifunza. Likisimama, tunaendelea kulitumia, tukijua kwamba limestahimili majaribio mpaka sasa, na kwamba kesho linaweza kupimwa tena.

Kuna kosa moja la kufikiri ambalo kanuni hii inatuokoa nalo. Sikiliza maneno haya: "Kama dawa hii inaponya, mgonjwa atapona. Mgonjwa amepona. Basi dawa hii inaponya." Yanasikika sawa, lakini hayafuati. Mgonjwa anaweza kuwa amepona kwa nguvu ya mwili wake, kwa maji aliyonyweshwa, au kwa dawa nyingine. Sasa sikiliza haya: "Kama dawa hii inaponya kila anayeinywa, mgonjwa atapona. Mgonjwa ameinywa na hakupona. Basi dawa hii haiponyi kila anayeinywa." Haya yanafuata bila shaka yoyote. Ushuhuda wa aliyepona unagusa moyo, nao unastahili kusikilizwa, lakini peke yake hautuambii ni nini kilichomponya.

Dawa iliyosifiwa na jaribio la Beni

Habari ya dawa iitwayo ZMapp inaonyesha mantiki hii ikiwa katika maisha ya watu. ZMapp ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotengenezwa ndani ya mimea ya tumbaku. Mwaka 2014 ilijaribiwa kwa nyani 18 walioambukizwa Ebola, na wote 18 wakaishi. Mwaka huohuo wamisionari wawili Wamarekani waliougua Ebola nchini Liberia walipewa dawa hiyo, wakapona. Habari zao zilienea duniani kote, na makanisa mengi yalimshukuru Mungu.

Lakini padri mmoja wa Uhispania na daktari mmoja wa Liberia walipewa dawa hiyohiyo, nao wakafa. Mtu anayetaka kuitetea dawa angeweza kusema walichelewa, na mtu anayetaka kuikataa angeweza kusema wale wamisionari wangepona hata bila hiyo. Wote wawili wangeweza kuendelea kubishana milele. Jaribio lililofanyika mwaka 2015 kwa wagonjwa 72, wengi wao wa Afrika ya Magharibi, lilionyesha dalili nzuri: walikufa 8 kati ya 36 waliopewa ZMapp, na 13 kati ya 35 waliopata matunzo ya kawaida tu. Hata hivyo tofauti hiyo haikufikia kiwango kilichowekwa kabla ya jaribio kuanza, kwa hiyo swali lilibaki wazi.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya INRB ya Kinshasa, pamoja na wataalamu wa Marekani na mashirika ya tiba, jaribio la PALM lilianzishwa. Hakuna kundi lililoachwa bila dawa. ZMapp iliwekwa kuwa kipimo, na nyingine zikalinganishwa nayo: remdesivir, kisha mAb114, ambayo asili yake ni kingamwili za Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na baadaye ikaongezwa REGN-EB3. Mgonjwa alipangiwa dawa kwa njia ya kura, ili daktari asiweze kumpelekea dawa anayoipenda mgonjwa mwenye dalili nafuu. Kanuni ya kusimamisha jaribio iliandikwa mapema, na kamati ya watu wasiohusika na matibabu ilipewa kazi ya kutazama hesabu.

Mwezi wa Agosti 2019 kamati hiyo ilitazama matokeo ya wagonjwa 499, ikashauri ZMapp na remdesivir ziachwe. Hesabu kamili, zilizotolewa mwezi wa Novemba mwaka huo, zilikuwa hizi kwa siku 28: kwa ZMapp walikufa 84 kati ya 169; kwa remdesivir 93 kati ya 175; kwa mAb114 61 kati ya 174; kwa REGN-EB3 52 kati ya 155. Yaani kwa dawa mbili za kwanza walikufa kama nusu ya wagonjwa, na kwa mbili za mwisho kama theluthi moja.

Tazama kilichotokea. Nyani 18, wamisionari wawili na matumaini ya miaka minne havikutosha kuiokoa ZMapp mbele ya ulinganisho wa haki. Kama wataalamu wangeridhika na shuhuda za waliopona, wagonjwa wa Butembo na Katwa wangeendelea kupewa dawa iliyo dhaifu kuliko ile iliyokuwa kando yake. Kukubali kushindwa ndiko kulikookoa watu.

Mipaka ya wazo hili

Popper ana wakosoaji, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ilitolewa na mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem mwanzoni mwa karne ya 20: dai moja halipimwi likiwa peke yake. Likipimwa, pamoja nalo tunapima vyombo, hesabu na mambo mengine tuliyoyachukulia kuwa kweli. Matokeo yakiwa mabaya, hatujui mara moja ni nani mwenye kosa.

Mfano maarufu unatoka angani. Katika karne ya 19 sayari Uranus haikufuata njia iliyohesabiwa kwa kanuni za Newton. Wanasayansi hawakumtupa Newton. Mfaransa Urbain Le Verrier alisema lazima kuna sayari nyingine inayoivuta, akahesabu mahali pake, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle akaiona kutoka Berlin, karibu kabisa na mahali palipotajwa. Hiyo ni Neptune. Kisha sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, nayo ikaonekana kwenda tofauti kidogo na hesabu. Mwaka 1859 Le Verrier alitumia njia ileile: alisema kuna kitu kisichojulikana karibu na jua, na sayari hiyo iliyodhaniwa kuwapo ikaitwa Vulcan. Walitafuta miaka mingi, wala haikupatikana. Safari hii kosa lilikuwa katika kanuni zenyewe, na nadharia ya Einstein ndiyo iliyoieleza njia ya Utaridi.

Je, Le Verrier alikosea kuitetea nadharia kwa kuongeza sayari? Hapana, maana utetezi wake wenyewe ulikanushika. Alisema: tazameni pale. Mara ya kwanza walitazama wakaona. Mara ya pili walitazama wasione. Utetezi mbaya ni ule usiompa mtu mahali pa kutazama.

Hata picha za mwaka 1919 hazikuwa safi. Chombo kimoja cha Sobral kilitoa kipimo kilichokaribia kile cha Newton, nacho kikawekwa kando kwa sababu joto lilikuwa limeharibu picha zake. Wengine wameuliza kama hilo lilikuwa haki. Jibu lilipatikana kwa kupima tena: mwaka 1922 jua lilipopatwa Australia, na mara nyingi baadaye kwa vyombo bora zaidi, na Einstein akasimama.

Hoja ya pili ilitoka kwa Thomas Kuhn, Mmarekani, mwaka 1962. Alionyesha kwamba wanasayansi ni watu: kwa kawaida hushikilia nadharia yao hata wanapoona matatizo, mpaka matatizo yanapozidi. Hiyo ni kweli kwa historia. Ndiyo maana kanuni ya PALM iliandikwa kabla ya matokeo na ikakabidhiwa watu wengine, ili mapenzi ya mtafiti kwa dawa yake yasiamue.

Hoja ya tatu inahusu hesabu za uwezekano. Dai kwamba dawa inapunguza vifo haliangushwi na mgonjwa mmoja aliyekufa, kama chemchemi moja kavu inavyoliangusha neno "zote". Popper alilijua hilo. Watu wanapaswa kukubaliana mapema ni tofauti kiasi gani, kati ya wagonjwa wangapi, itakayohesabiwa kuwa imelikanusha dai.

Na imani je?

Baadhi ya wanafalsafa wa Vienna wakati wa Popper walisema kwamba neno lisiloweza kuthibitishwa kwa macho halina maana yoyote. Popper aliwapinga. Kwake yeye, kukanushika kunaweka mpaka kati ya sayansi na mambo mengine. Hakutenganishi ukweli na uongo, wala maana na upuuzi. Tunapokiri kwamba Mungu ni mwema hatutoi dai la maabara, na hakuna mwanasayansi anayeweza kusema kwamba kwa sababu hiyo tumesema uongo.

Lakini mtu anaposimama na kusema, "Mafuta haya yanaponya Ebola kwa siku tatu," ameuvuka mpaka huo kwa miguu yake mwenyewe. Ametoa dai juu ya miili ya watu, nalo linapimika. Akiongeza kwamba asiyepona alikosa imani, amelifungia mlango: aliyepona ni ushahidi wa mafuta, na aliyekufa ni kosa la marehemu. Ni Adler na kesi yake ya elfu moja na moja, ila hapa kuna kaburi.

Wakati wa ugonjwa ule wengi walisema pia kwamba Ebola ni biashara, na kwamba watu wanauawa ndani ya CTE. Shaka hiyo haikutoka hewani. Watu wa Beni walikuwa wameona mauaji ya miaka mingi bila kulindwa, na mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi wao uliahirishwa huku ugonjwa ukitajwa kuwa sababu mojawapo. Kuuliza maswali ilikuwa haki yao. Lakini ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, kati ya watu 3470 walioupata, 2287 walikuwa wamekufa, na zaidi ya 1100 walikuwa wamepona. Mtu aliyesema kwamba hakuna anayetoka hai CTE alipaswa kuwatazama waliopona. Akijibu kwamba hao walilipwa waigize, basi hakuna tena cha kumwonyesha: aliyekufa ameuawa, aliyepona hakuwa mgonjwa.

Kosa hilo lilikuwa na bei. Katika PALM, kwa wale waliopewa mojawapo ya dawa mbili bora wakiwa bado na virusi vichache mwilini, alikufa kama mtu mmoja kati ya 10. Kwa waliofika virusi vikiwa vingi, walikufa zaidi ya 6 kati ya 10. Kila siku ya kukawia nyumbani au kwenye chumba cha maombi iliongeza hatari.

Maandiko hayakuogopa kupima maneno ya watu. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 linaagiza kwamba neno la nabii lisipotimia, lihesabiwe kuwa Bwana hakulisema. Katika Danieli sura ya 1, vijana waliokataa chakula cha mfalme waliomba wajaribiwe siku 10 kisha walinganishwe na wenzao; walitaja muda na kipimo kabla, wakakubali kuhukumiwa kwa matokeo. Tunakatazwa kumjaribu Mungu. Kuyapima maneno ya mtu anayetumia jina la Mungu tumeagizwa.

Maswali ya kuuliza

Mchungaji, mzee wa kanisa au mama wa familia hana maabara, ila anaweza kuuliza. Mtu akileta dai juu ya dawa au ugonjwa, muulize kwa upole: ni jambo gani likionekana utakubali kwamba umekosea? Je, ulilitaja kabla ya matokeo, au umelitafuta baadaye? Waliotumia na hawakupona wako wangapi, na ni nani aliyewahesabu? Walilinganishwa na nani?

Waulize maswali hayo wauza dawa za barabarani na manabii, na pia wakubwa wa afya na mashirika wanapokuja na mradi mpya. Wale wa PALM waliyajibu: walitoa hadharani hesabu ya waliokufa kwa kila dawa, pamoja na dawa waliyoitumainia wao wenyewe. Anayekasirika kwa kuulizwa tu, usimwachie mgonjwa wako.